Mlango wa Bafu Dogo: Ufungukie Wapi, Choo Kikae Wapi

Mvua za Septemba zinapoanza kuishukia Kamembe, swali hili hurudi. Mwenye nyumba amechoka kutoka usiku na tochi, kushuka njia ya udongo unaoteleza hadi choo cha nyuma, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine mwavuli. Ameamua kulileta bafu ndani. Ametoa stoo, au amekata kipande cha koridoo, akapata mita moja na nusu kwa mbili. Sasa anauliza: mlango niuweke wapi, na ufungukie upande gani?

Nimewajibu wengi mmoja mmoja. Leo nawajibu wote pamoja, kwa mifano ya nyumba zetu hizi za Rusizi: kuta za matofali ya kuchoma au za rukarakara, paa la mabati, kiwanja kinachoteremka. Chukua tepu na chaki kabla hujasoma zaidi, utavihitaji.

## Ufungukie nje

Hili naliweka mbele kwa sababu lilinifika. Mama yangu mdogo alianguka asubuhi moja katika bafu nililolijenga mwenyewe. Lilikuwa na urefu wa mita 1.8 na mlango ulifungukia ndani. Aliangukia nyuma ya mlango huo. Tulimsikia akiita, tukasukuma, ubao ukamkuta kiunoni akapiga ukelele, tukaacha. Tukisukuma tunamwumiza, tusiposukuma hatumfikii. Kijana wa jirani, mwembamba, ndiye aliyepenya dirishani akamsogeza miguu. Mama mdogo alipona. Wiki ile ile niliugeuza mlango.

Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia hivyo: bafu dogo, mlango nje. Sababu nyingine ni mbili.

Nafasi. Mlango wa sentimita 70 ukifunguka hufagia robo ya duara, karibu mita ya mraba 0.38. Bafu la mita 1.2 kwa 2 lina mita za mraba 2.4 tu. Mlango unaofungukia ndani umekula takriban moja ya sita ya chumba, mahali ambapo hutaweka hata ndoo.

Tetemeko. Sisi wa pembeni ya Kivu tunajua ardhi hutikisika. Lile la Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, lilibomoa nyumba upande wetu na upande wa Bukavu, na watu walikufa. Ukuta ukipinda kidogo tu, fremu huubana mlango. Aliye ndani anaweza kuusukuma mlango uliobana kwa bega lake lote. Kuuvuta kwa kitasa kidogo, mikono ikiwa na sabuni, ni kazi nyingine.

Najua mtakayosema.

*“Koridoo yangu ni nyembamba, mlango utaiziba.”* Ukiachwa wazi, ndiyo. Basi funga bawaba upande wa koridoo, ili mlango ugeuke mzima na kulala ukutani. Koridoo ya sentimita 90 huvumilia hivyo. Hakikisha tu hakuna mlango mwingine unaokutana nao.

*“Utamgonga mtu anayepita.”* Katika familia, watu huuzoea mlango huo kwa siku chache. Penye watoto wanaokimbia, usiuweke kwenye kona ya koridoo wanakojitokeza ghafla.

*“Maji yatatoka nje.”* Maji hayazuiwi na mlango, yanazuiwa na mteremko wa sakafu. Nitafika huko.

Iwapo haiwezekani kabisa, kwa mfano mlango unatokea moja kwa moja kwenye ngazi, weka mlango wa kuteleza kwenye reli. Kufungukia ndani kuwe uamuzi wa mwisho.

Jambo jingine ni komeo. Msifunge komeo la ndani bafuni. Nunueni kitasa cha bafu, kile ambacho kwa nje kina mfuo unaogeuzwa kwa sarafu. Dukani kitawekwa pamoja na vitasa vingine na muuzaji asipoulizwa atakupa cha chumba cha kulala. Mwonyeshe kwa kidole unachotaka.

## Sentimita 70 za nini?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu fundi mwashi, fundi seremala na mwenye nyumba wote husema “sabini”, kila mmoja akiwa na yake akilini. Mwashi anaacha tundu la 70. Seremala anatia fremu ndani ya tundu hilo. Unabaki na njia ya 60, na mama mjamzito anaingia kwa ubavu.

Sema hivi: “Nataka mlango wa 70, tundu liwe 80.” Fremu na saruji yake huchukua kama sentimita 5 kila upande.

- Njia ya 60: mtu mzima anapita, lakini akiwa na beseni mkononi anagonga vifundo vya vidole. Iepuke.
- Njia ya 70: inatosha nyumba nyingi.
- Njia ya 80 kamili, yaani tundu la 90: hii ndiyo ya mzee anayeshikwa mkono, au mwenye kiti cha magurudumu. Kama una mzazi anayeishi nawe, usibishane nami hapa.

Pima tundu juu, katikati na chini. Ukuta wa rukarakara haunyooki sawasawa, na fremu hutengenezwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote.

## Mlango ukae wapi kwenye ukuta

Anza na bomba. Choo kinahitaji bomba la milimita 110, na bomba hilo linahitaji kuteremka kama sentimita 2 kwa kila mita hadi kwenye shimo au fosi septiki. Kwenye viwanja vyetu vya mlimani mteremko upo wa bure, lakini upande mmoja tu. Kwa hiyo choo kiende kwenye ukuta wa upande wa chini wa kiwanja, bomba litoke moja kwa moja bila kukunja kona mbili tatu. Kona ndizo zinazoziba. Choo kikishapata mahali, mlango utatafuta pake.

Kisha nenda sebuleni, keti mahali anapoketi mgeni, uangalie. Ukiona mlango wa bafu mbele yako, mkweo atauona pia, na hatainuka kwenda hata akibanwa. Mlango uliosogezwa mita moja, ukaingilia koridoo badala ya sebule, unamwondolea mtu aibu ya siku nzima. Usielekee jikoni pia.

Ukishapata ukuta, mlango usikae katikati yake. Ukikaa katikati unaacha vipande viwili vya ukuta ambavyo havitoshi chochote. Usogeze upande mmoja, upande wa pili upate lavabo au jerekani. Lakini angalia: kama ukuta huo unabeba paa, usiukate kwenye kona yenyewe. Acha kipande kizuri cha ukuta kabla ya kona, na linta iingie ukutani angalau sentimita 20 kila upande wa tundu. Kukata tundu jipya kwenye ukuta wa rukarakara bila linta ni kujitakia ufa, na tetemeko likija, mabaya zaidi.

Kwa Waislamu, swali la kibla huja mapema na lina haki yake. Kutoka Rusizi, Makka iko kaskazini, ikiegemea kidogo mashariki. Asiyetaka kuielekea wala kuipa mgongo akiwa chooni aelekeze choo mashariki au magharibi. Mwambie fundi kabla bomba halijalazwa, kwa sababu baada ya hapo ni kuvunja sakafu.

## Vipimo ambavyo huwezi kuvipunguza

- Kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni: sentimita 38 hadi 40. Chini ya hapo bega linagusa ukuta.
- Mbele ya choo cha kukaa: sentimita 60 za wazi. Ukibanwa sana, 50.
- Choo chenyewe na tangi lake: urefu wa 65 hadi 75 kutoka ukutani, kutegemea ulichonunua.
- Dushi: 80 kwa 80, na kama unaweza, 90 kwa 90.
- Lavabo ndogo: upana wa 40, ikijitokeza 25 hadi 30.
- Jerekani mbili: 40 kwa 40.

Hicho cha mwisho husahaulika kila mara. Mnapanga bafu kama vile maji hayakatiki. Siku yakikatika, jerekani zinaingizwa na kuwekwa panapopatikana, na panapopatikana huwa ni nyuma ya mlango au mbele ya choo. Zipe mahali pake kwenye mchoro.

## Mipango mitatu inayofanya kazi

Bafu refu na jembamba, mita 1.2 kwa 2.2. Ndilo tunalolipata tukikata koridoo. Mlango ukae upande mfupi. Ukiingia unakutana na lavabo ndogo ukutani, kisha choo kwenye ukuta huo huo mrefu, kisha dushi mwisho kabisa, chini ya dirisha. Dushi ichukue upana wote na urefu wa sentimita 90. Hapo panapolowa ni mwisho, na anayeingia usiku kujisaidia anakanyaga pakavu. Nunua choo kifupi, cha 65, ili mbele yake pabaki kama 55. Ukiwa na upana wa mita 1 tu, choo hakiwezi kukaa ukuta mrefu. Kipeleke mwisho, kitazame mlangoni, dushi iwe katikati, na ukubali kwamba sakafu yote italowa.

Bafu la mraba, mita 1.5 kwa 1.5. Dushi ya 80 kwa 80 ikae kwenye kona iliyo mbali na mlango. Kando yake, kwenye ukuta ule ule wa mbele, zinabaki sentimita 70, na choo kinaingia kwa kubanwa kidogo. Lavabo iende ukuta wa pembeni, karibu na mlango. Mpango huu hauwezekani kabisa mlango ukifungukia ndani, chora uone.

Chini ya mita 1 kwa 1.5. Hapa nawaomba msilazimishe. Wekeni ama dushi peke yake na kukiacha choo nje, ama choo cha kuchuchumaa chenye dushi juu yake, sakafu moja inayoteremkia kwake. Lavabo itoke nje. Na hata wenye bafu kubwa kidogo, fikirieni kuitoa lavabo nje, kwenye koridoo. Nyumba ya watu sita, asubuhi, mmoja anaoga na mwingine anapiga mswaki bila kugongana mlangoni. Ni badiliko dogo ambalo kila aliyelifanya amenishukuru.

Ukishachagua, usianze kununua. Toka uani, chora bafu kwa chaki au majivu kwa ukubwa wake halisi. Weka kiti mahali pa choo, beseni mahali pa lavabo, jerekani mahali pake. Mwite mtu mkubwa kuliko wote nyumbani aingie, ageuke, aketi, ainuke, ajipake sabuni. Mtu akicheka msimkatize, endeleeni. Mara nyingi mlango huhama hapo hapo.

## Mlango wa kitu gani

Mbao. Za libuyu zinazovuka kutoka Kongo hudumu vizuri kuliko mikaratusi iliyopasuliwa juzi. Mbao mbichi ndiyo adui: inapokauka inajipinda, na inapofika itumba, mvua za Machi hadi Mei, inavimba na kugoma kufunga. Uliza imekauka muda gani, na uinue: ile nzito kupita kiasi bado ina maji. Kisha paka vanishi au rangi ya mafuta pande zote sita. Mafundi hupaka mbele na nyuma na kuiacha kingo ya chini, ambayo haionekani, na ndiyo inayokunywa maji. Ipakwe kabla mlango haujapachikwa. Bawaba ziwe tatu.

Tripleksi. Mlango mwepesi wenye uwazi ndani unafaa chumba cha kulala. Bafuni huanza kubanduka chini. Bei yake inavutia, najua, lakini utaununua mara mbili.

Chuma. Tunawapenda mafundi wetu wa kuchomelea na mlango wa chuma ni imara. Kwa bafu la uani, linalofunguliwa mvuani, nauunga mkono. Ndani ya nyumba una kelele, na hutoboka kutu chini usipopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho, hasa ndani ya viungo. Ni mzito pia. Kwenye ukuta wa rukarakara fremu yake iwe na masikio marefu yaliyozamishwa kwenye saruji, la sivyo itaanza kucheza.

Aluminiamu yenye kioo cha ukungu. Haivimbi, haishiki kutu kama chuma, na inapitisha mwanga kwenye koridoo yenye giza. Usiku, taa ya bafuni ikiwaka, kivuli cha anayeoga huonekana. Omba sehemu ya chini hadi kifuani iwe ya bamba, kioo kiwe juu tu.

Wa kuteleza. Unahitaji ukuta mtupu kando ya tundu, wenye upana wa mlango na zaidi kidogo, bila swichi wala picha. Hauzibi sauti wala harufu sawasawa. Reli iwe juu, upande wa koridoo.

Wa plastiki wa kukunjika. Kwa miezi michache, ujenzi ukiendelea, sawa.

Na pazia? Wengi tumekulia na pazia. Ila mtoto wa kike akishafika darasa la tano, mpe mlango.

## Sakafu, hewa, moto na umeme

Sakafu ya bafu iwe chini ya ile ya koridoo kwa sentimita 2 au 3. Kizingiti kirefu cha saruji kinawakwaza wazee, na ndicho kilichomwangusha mama mdogo. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea sifoni ya sakafuni, na sifoni ikae mbali na mlango. Sifoni ibaki na maji ndani yake, ndiyo yanayozuia harufu; bomba lake liwe la milimita 50. Makaro ya sakafuni yawe yenye mkwaruzo. Yale yanayong'aa kama kioo yaende ukutani.

Acha sentimita moja na nusu au mbili chini ya mlango. Hewa inaingia hapo na kutokea kwenye dirisha la juu au klaustra. Bila njia hizo mbili, dari litaota ukungu. Bugarama, kwenye joto na mbu wa mashamba ya mpunga, tundu la juu lifungwe wavu.

Sasa nisikilizeni vizuri.

- Msiingize mbabura yenye makaa bafuni kumpashia mtoto au mzazi joto. Moshi usioonekana wa makaa huua, na chumba kidogo chenye mlango uliofungwa huua haraka.
- Kipasha maji cha gesi hakikai ndani ya bafu, kwa sababu ile ile.
- Dushi ya umeme iwe na waya wake pekee, waya wa ardhini, na kikata umeme cha miliampia 30. Fundi akikuambia waya wa ardhini si lazima, mshukuru umtafute mwingine.
- Swichi ya taa iwe koridoo, upande wa kitasa, si nyuma ya bawaba ambako mlango ukifunguka unaifunika.

## Makosa ninayoyaona kila mwezi

- Kulaza bomba kabla ya kununua choo. Vyoo vingine hutoa nyuma, vingine chini, na umbali kutoka ukutani hutofautiana. Nunua kwanza, pima kutoka ukuta uliokamilika. Makaro na saruji yake hula sentimita 2 au 3.
- Kupachika mlango kabla ya makaro. Sakafu inapanda, mlango unakatwa chini, na ile kingo iliyopakwa rangi inaondoka.
- Kuelekeza dushi mlangoni. Ielekeze ukuta wa mbali au wa pembeni.
- Kuuning'iniza mlango bila pimamaji. Ukiachwa nusu wazi ukajisogeza wenyewe, fremu haijasimama wima.
- Kuweka bawaba upande ambao, mlango ukifunguliwa kidogo, anayepita anaona choo. Zihamishe upande wa pili, ubao uwe ngao.

## Kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho

Shika theluthi ya malipo hadi mfanye haya pamoja, naye akiwepo.

1. Mimina ndoo nzima karibu na mlango. Maji yote yaende kwenye sifoni, pasibaki dimbwi, lisitoke tone koridoo.
2. Ingia, funga, keti, inuka, nawa, geuka, toka.
3. Mlaze mtu sakafuni nyuma ya mlango, miguu imekunjwa, kitasa kimefungwa kwa ndani. Mpe mtoto mkubwa wa nyumba sarafu ya faranga 50 na umwambie afungue. Ahesabiwe sekunde. Akishindwa, fundi arekebishe kitasa siku hiyo hiyo, kisha mtoto ajaribu tena.